Wati za kwenye boksi zisikubabaishe
Ndugu, umeuliza kama risiva ya 5.1 (kikuza sauti cha spika tano na moja ya besi) ya bei nafuu, iliyoandikwa wati 140 kila chaneli (njia ya spika moja), itatosha sebule ya mita 4 kwa 5. Itatosha. Ila hizo wati 140 mara nyingi hupimwa chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa spika ya omu 6 (ukinzani wake kwa umeme), kwa mlio mmoja tu wa hezi 1,000. Kijitabuni tafuta kipimo cha chaneli mbili, omu 8, hezi 20 hadi 20,000 (yaani sauti zote tunazosikia, nzito hadi nyembamba); hicho ndicho cha kuaminika. Wati zikizidi maradufu unapata desibeli 3 tu, yaani sauti inapanda kidogo, kwa hiyo pesa ya ziada peleka kwenye spika. Kama ni mtumba wa Japani, soma nyuma: ikiandikwa volti 100, usipotumia transfoma ya kupunguza volti, umeme wetu utaiunguza.