Kabla hujamvutia mtu maji, kaone shimo lake

Miaka minne nilikuwa katibu wa chombo chetu cha maji, yaani jumuiya inayoendesha maji ya kijiji, kijiji cha pwani, nje ya mji wa Tanga ukifuata njia ya Pangani. Mhuri na madaftari nimeshakabidhi, kwa hiyo leo nasema bila kuogopa kikao. Jamaa wa vijiji jirani huniuliza: kanuni zenu mliziandikaje, tupe nakala na sisi tukopi. Nakala ya kwanza simpi mtu. Ilikuwa na vifungu kumi na vinne, vyote vya maji yanayoingia: bei ya ndoo, saa za kufungua, faini ya anayekata foleni, marufuku ya kuoshea pikipiki mferejini. Maji yanayotoka hatukuyaandikia hata mstari mmoja.

Wakati wa vilula peke yake, yaani mabomba ya umma ya kuchotea ndoo, hilo halikuonekana. Sera ya maji ya 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, na bomba lisiwe mbali zaidi ya mita 400. Nyumba ya watu sita basi ni ndoo saba na nusu. Maji uliyoyabeba kichwani unayaonea huruma: unaoga kwa kopo, ya kuoshea vyombo unamwagia mgomba, siku imekwisha. Likiingia bomba uani mambo hubadilika. Mwezi wa kwanza watu wanafua mapazia. Mwezi wa tatu kuna bafu la vigae na choo cha kukaa, na kila lita iliyopita kwenye dira, ile mita ya maji, lazima itafute pa kwenda. Kwetu hakuna bomba la majitaka. Hata mjini Tanga kwenyewe mtandao huo haufiki kila mtaa, sembuse shamba. Panapobaki ni shimo.

Masika ya mwaka wa pili, mtambo uliharibika na watu wakarudi kisima cha zamani, kile cha nyuma ya madrasa. Bibi mmoja akaniita kwake. Alikuwa ameyamimina maji kwenye sufuria nyeupe, akaitikisa kidogo. Pembeni kukabaki povu, jembamba, halipotei. "Mwanangu, mimi sikusoma," akasema, "lakini hii si Omo?"

Bwana afya alipokuja hakuleta mitambo yoyote. Alisimama kisimani, akatembea kwa hatua kuelekea nyumba ya karibu, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na tisa akawa juu ya mfuniko wa shimo jipya. Akauliza la nani. Nikamwambia la kwetu.

Aibu ile sitaisahau, ila ndiyo iliyonifundisha kazi. Bwana afya alitutajia mita 30 kati ya shimo na kisima, na chini ya shimo ibaki udongo mkavu, walau mita moja na nusu, kabla ya kufikia maji ya ardhini. Halafu akatuonya kwamba huku kwetu hata hizo 30 si za kulalia usingizi, maana chini tuna jiwe la chokaa na matumbawe. Udongo wa kawaida unachuja. Jiwe hili lina nyufa, maji yanapita kama yamefunguliwa mlango. Asiyesadiki aende mapango ya Amboni aangalie maji yalivyolila jiwe hilohilo mpaka watu wanatembea ndani yake.

Tukaongeza kifungu kimoja, nami naona ndicho pekee chenye thamani ya kuigwa: hakuna anayevutiwa maji kabla kamati haijaliona shimo lake. Kuliona kwa macho, siyo kujaziwa fomu. Watu wawili wa kamati, futi kamba, na mchoro wa mkono nyuma ya ombi: nyumba hapa, shimo hapa, kisima cha jirani hapa, hatua ngapi. Mchoro unasainiwa na jirani pia. Hapo ndipo uongo unapofia, kwa sababu jirani ndiye atakayekunywa.

Kwa nini kuzuia mwanzoni, kwa nini si faini baadaye? Nimejaribu yote mawili. Mtu asiye na maji anakusikiliza. Mtu mwenye maji anakuambia njoo kesho. Siku ya kuunganishwa ndiyo siku pekee ambayo kijiji kina nguvu juu ya mteja wake. Ikishapita, kumkatia mtu maji ni ugomvi wa ukoo mzima, na wewe unakutana naye msibani.

Mjomba wangu alikuwa wa kwanza kuonja. Alilipa ada yote taslimu, mipira ya bomba ikawa imelazwa barazani, fundi kaja na sururu. Shimo halikuwepo. "Shimo nitachimba wiki ijayo, we mtoto hunijui?" Nikamwambia, "Mjomba shikamoo, nakujua, ndiyo maana nasubiri." Alininunia miezi miwili na ushei. Mama naye akaninunia, kwa kumsaidia kaka yake. Shimo likachimbwa.

Sasa upande wa sheria, maana hapa wengi huchanganya. Mna silaha mbili na kila moja ina mpaka wake. Ya kwanza ni kanuni za chombo chenyewe. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii kama chetu husajiliwa na kusimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kanuni za chombo zinamfunga mteja kwa kuwa ameomba huduma. Asiye mteja hazimgusi. Kwa huyo mnahitaji ya pili, sheria ndogo ya kijiji: inaandikwa na halmashauri ya kijiji, inapelekwa mkutano wa kijiji watu waijadili, kisha halmashauri ya wilaya ndiyo inayoithibitisha. Sisi tuliruka hatua ya mwisho. Tukamtoza faini kijana aliyetapisha choo usiku wa mvua, yaani aliyetoboa ukuta wa shimo lake ili kinyesi kiondoke na maji ya barabarani. Kosa alifanya, kijiji kizima kilinusa. Lakini akaja na binamu yake anayejua mambo, akauliza muhuri wa wilaya uko wapi. Tukamrudishia pesa yake mbele za watu. Msiruke hatua hiyo.

Bei sina mengi ya kusema. Sisi tulitoza shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20, maana yake 2,500 kwa uniti, yaani lita elfu moja, na wazee waliokulia enzi za mpango wa maji vijijini wa 1971, maji ya kijijini yakiwa bure, watalalamika hata ukitoza kumi. Waacheni walalamike, ila mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi. Mdaiwa wetu mkubwa, kwa taarifa yenu, hakuwa mzee yeyote. Ilikuwa ofisi, ya watu wenye viyoyozi.

Jambo jingine dogo ni dira kuu pale tangini. Lisomeni saa tano usiku vilula vikiwa vimefungwa, mlisome tena alfajiri. Likisogea kuliko ndoo chache za walio na mabomba nyumbani, kuna bomba linavuja au kuna mtu anamwagilia mchicha. Kwetu ilikuwa mchicha.

Na wale waliovutiwa kabla ya kifungu? Tuliwapa mpaka Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Letu ndilo lililofukiwa kwanza, tukachimba jipya upande wa pili wa nyumba, gharama mume wangu anaikumbuka kwa senti. Wengi wakafuata. Nyumba tatu hadi naondoka zilikuwa bado zinatoa udhuru. Maji ya kufulia na kuogea tuliwashauri wasiyapeleke shimoni kabisa bali kwenye migomba, shimo likae muda mrefu bila kujaa.

Maana litajaa. Hili nalo lingizeni kwenye mchoro tangu mwanzo: gari la kunyonya litapita wapi? Watu hujenga ukuta, hupanda michongoma, halafu shimo likifurika gari linasimama barabarani na mpira wake haufiki, na hapo ndipo kutapisha kunapoanzia. Sisi tulilazimika kufungua njia katikati ya kitongoji kwa kukata minazi miwili. Mmoja ulikuwa wa mjomba, unazaa vizuri kabisa, na mpaka leo nikipita barazani kwake ananidai nazi.