Mwanangu, pesa itarudi lini?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na baba yako anakurudishia zake. Umeniuliza jambo moja: duka kubwa la matawi limeonja achari yako ya embe, sasa linaitaka kwenye matawi yake 14, nawe hadi leo unauzia mikahawa na maduka madogo ya Eastleigh na South C tu. Ukubali yote, au ungoje?

Panuka, mama. Achari yako ni nzuri na si kwa sababu ni yako nasema hivyo. Lakini kasi yako isipangwe na ukubwa wa oda. Ipangwe na jinsi pesa inavyorudi mkononi.

Umeniandikia kwamba chupa moja inakugharimu shilingi 140 na unaiuza kwa jumla 200. Wao wanataka chupa 3,000 kwa mwezi. Umezidisha ukapata faida ya 180,000, na furaha yako nimeiona hata kwenye mwandiko. Sasa hesabu kinachotoka. Chupa 3,000 ni shilingi 420,000 kila mwezi: embe, mafuta, pilipili, haradali, chupa na vifuniko vyake, lebo, vibarua, usafiri. Muuza chupa wa Industrial Area hangoji. Wanaokumenyea embe hawangoji, Jumamosi ikifika ni mshahara. Duka linaahidi kulipa baada ya siku 60, nami niliyeshika daftari la madeni la duka la jumla miaka yote ile nakwambia hesabu 90. Yaani utapika miezi mitatu, utoe 1,260,000, kabla hujaona senti yao ya kwanza. Akiba yako ni 500,000. Mwezi wa pili huumalizi. Na utaishiwa huku achari inasifiwa na faida iko kwenye karatasi, jambo ambalo limewaangusha watu wenye akili sana.

Tena embe zina msimu wake. Za Makueni hujaa sokoni kuanzia kama Desemba hadi Machi, bei pale Marikiti hushuka, na huo ndio wakati wa kununua kwa wingi, kukata, kutia chumvi na kujaza mapipa ya mwaka mzima. Pesa hiyo hutoka kwa mkupuo na kukaa ndani ya mapipa miezi. Ukiichota Januari kuhudumia oda mpya, utarudi sokoni embe zikiwa adimu, na ile 140 haitakuwa 140 tena.

Usidhani pia kwamba mdaiwa mkubwa ni mdaiwa salama. Nakumatt, nayo duka kubwa la matawi, ilianzia Nakuru, ikafikisha matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilipanuka kwa mikopo na kwa bidhaa za watu ambazo hazijalipwa. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu kwa sababu wauzaji walichoka kuleta mzigo. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Mabilioni ya shilingi yalipotea, na ndani yake mlikuwa na pesa za watu wadogo kama wewe, waliopeleka mzigo na kubaki na makaratasi.

Basi omba matawi manne. Chupa 800 kwa mwezi ni shilingi 112,000, kwa miezi mitatu 336,000. Hata wakichelewa hadi siku ya 90 utakuwa bado na 164,000 za kusimamia. Wakilipa vizuri mara mbili tatu, ongeza matawi kwa pesa waliyokulipa wao wenyewe. Wauzie watu wako wa Eastleigh vilevile, kwani hao hulipa papo hapo na ndio wanaokulisha ukingoja.

Mkopo wa mashine usiuchukue sasa. Na usijaribu kuziba pengo la siku 90 kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kwenye simu. Ile hutoza kila siku, wewe unalipwa kwa robo mwaka.

Unapokwenda kuzungumza nao, siku za malipo ziandikwe kwenye mkataba, na iandikwe pia nani anabeba hasara ya chupa zisizouzika. Usione haya kuuliza. Sheria ya ushindani iliporekebishwa 2019 iliwabana wanunuzi wakubwa wanaochelewesha malipo bila sababu, na malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani. Mtu wao wa manunuzi anajua hilo. Naye ajue kwamba nawe unajua.

Wakikataa matawi manne na kusema ni 14 au basi, niambie kabla hujawajibu. Wakikubali, nipigie picha mkataba wote, kurasa zote, unitumie kabla hujatia sahihi.

Mama yako