Kutunga Muziki wa Filamu na Tamthilia Ukiwa Dodoma

Vijana wengi wanaoniandikia kutoka Dodoma, Singida na Kondoa wakitaka kuingia katika kazi ya kutunga muziki wa filamu na tamthilia huanza kwa kuuliza wanunue kompyuta gani, kinanda gani na programu gani. Ni maswali ya haki, lakini jibu langu huwa fupi: kompyuta inayocheza picha na sauti kwa pamoja bila kukwama, spika mbili ambazo umezizoea na maikrofoni moja nzuri vinatosha kwa kuanzia. Ninachotamani waniulize ni namna ya kuitazama picha. Mtunzi ni mmoja wa wasimulizi wa hadithi, sawa na mwongozaji, mpigapicha na mhariri, na mpiga ala hodari ambaye bado hajalikubali jambo hilo atapata taabu katika kazi hii hata awe na vidole vyepesi namna gani.

Kwa hiyo, omba muswada mapema uusome, lakini usianze kutunga kwa kina hadi picha iwe imehaririwa na kufungwa, yaani haitakatwa tena, kwa sababu sekunde tatu zikiondolewa katikati ya onyesho, kilele ulichokijenga kitaangukia mahali pasipo pake. Picha ikishafungwa, keti na mwongozaji, mpite onyesho baada ya onyesho mkiandika muziki uingie wapi, utoke wapi na kwa nini. Tangu treni ya umeme ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtunzi anayeishi huku hana sababu ya kukifanya kikao hicho kwa simu. Usimuulize mwongozaji anataka muziki wa aina gani, maana halazimiki kujua majina ya ala wala mizani. Muulize mtazamaji ahisi au atambue nini ambacho mhusika hajakisema.

Nitoe mfano wa filamu ya maelezo kuhusu maji niliyoifanyia kazi, iliyopigwa wilayani Bahi. Katika onyesho moja mama mmoja amefukua kisima kwenye mchanga wa korongo lililokauka, anachota maji kwa kata, anamimina ndooni, huku akieleza tangu saa ngapi ametoka nyumbani. Mhariri alikuwa ameweka fidla za kuazima tangu picha ya kwanza, kama wahariri wengi wanavyofanya ili wapate mwendo wa kukatia picha. Tuliziondoa zote. Kata ikikwaruza mchanga na maji yakidondoka ndooni vilieleza uhaba ule kuliko ala yoyote, na tulikubaliana muziki uingie pale tu mama anapojitwisha ndoo na kuipa kamera mgongo, ukiwa ni ilimba peke yake, ile ala ya Kigogo yenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, noti chache zenye nafasi kubwa kati yake. Naamini uwezo wa kuliacha onyesho bila muziki ndio unaomkomaza mtunzi, na kwa bahati mbaya tamthilia zetu nyingi bado zinapiga muziki mwanzo hadi mwisho.

Hapo linaingia suala la mazungumzo. Konsonanti zinazotuwezesha kutofautisha neno na neno husikika zaidi kati ya hezi 2,000 na 4,000 (yaani mitetemo kwa sekunde), kwa hiyo filimbi kali au gitaa la nyuzi za chuma likicheza katika eneo hilo wakati mhusika anaongea, mtazamaji atapoteza maneno hata kama muziki hauko juu. Mpe mhusika nafasi hiyo, nawe tembea chini yake au subiri amalize. Sikiliza kazi yako pia kwenye televisheni ndogo ya kawaida, feni ikiwa inazunguka, kwa kuwa hivyo ndivyo itakavyosikilizwa sebuleni.

Ukitumia ala za Kigogo, ziheshimu kwa masikio kwanza. Ilimba na zeze hufuata sauti za juu zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja kuu, na ile ya saba miongoni mwa hizo iko chini ya noti inayokaribiana nayo kwenye kinanda kwa senti 31, karibu theluthi moja ya nusutoni, yaani ya hatua kati ya kibonye kimoja cha kinanda na kinachokifuata. Anayesikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Wagogo mbali sana, atalitambua jambo hilo mara moja. Usiinyooshe ilimba kwa programu ili ifanane na kinanda. Rekebisha kinanda kiifuate, au kiache kabisa. Na ukienda Chamwino au Mvumi kurekodi wapigaji, waeleze sauti zao zitatumika wapi, andikianeni, uwalipe siku hiyohiyo.

Jambo la fremu ni dogo lakini limewaumiza wengi. Muulize mhariri mradi una fremu ngapi, yaani picha moja moja zinazounda filamu, kwa sekunde: filamu iliyoandaliwa kwa fremu 24 ikichezwa kwa 25, dakika 10 zinakuwa dakika 9 na sekunde 36, na muziki uliopimwa kwa mwendo wa kwanza hautakutana na picha tena. Rekodi kwa kilohezi 48, yaani sauti ipimwe mara 48,000 kila sekunde, na unapokabidhi, tenganisha ngoma, sauti za watu na ala nyingine ili mchanganya sauti aweze kupunguza kimoja bila kuua kingine.

Mkataba uandikwe kabla ya noti ya kwanza. Mtayarishaji mmoja alichukua muziki niliotunga kwa msimu mmoja wa tamthilia akautumia katika msimu uliofuata bila malipo, na kilichonisaidia kumrudisha mezani ni sentensi moja tu iliyotaja idadi ya vipindi. Basi andikeni muziki ni kwa kazi ipi, msimu upi, vituo gani na muda gani, kianzio ni kiasi gani, marekebisho ya bure ni mangapi, na haki inabaki kwa nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiko unakoisajili, ila mabishano mengi huamuliwa na karatasi mliyotia saini. Pamoja na faili za mwisho, kabidhi orodha ya kila kipande: jina lake, dakika kinapoanza, urefu wake, mtunzi na wote waliopiga, wakiwemo wale wa kijijini, kwa sababu mirabaha ikianza kugawiwa, asiyemo katika orodha hiyo ni vigumu sana kumwingiza baadaye.