Mkanda wako utaishia wapi? Kuchagua kamera ya mkanda kwa ajili ya harusi

Siku hizi kijana akiingia studio kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, haulizi tena habari za megapikseli. Anakaa kwenye kile kiti cha wateja wa paspoti na kuanza: "Shikamoo kaka. Nimepata harusi ya mwezi wa nane, maharusi wanataka na picha za mkanda, yaani za filamu. Nitafute kamera ndogo ya 35mm au ile ya mkanda mpana?" Nimelijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika, kwa sababu jibu lake ni refu na mimi nililipata kwa kumuumiza mtu.

Wengi mnadhani fomati, yaani ukubwa wa negativu, ni habari ya ubora tu, negativu kubwa ndiyo picha nzuri. Ubora upo na nitaufikia. Ila kwenye harusi, kabla hujauliza picha itakuwa kali kiasi gani, uliza mkanda wako utaishia wapi. Kamera ya 35mm inakupa picha 36. Mkanda mpana, ule wa namba 120 ambao Kodak waliutoa mwaka 1901 na mpaka leo unatengenezwa, unakupa picha 15 au 16 kwenye kamera ya 6x4.5, picha 12 kwenye 6x6, picha 10 kwenye 6x7 na picha 8 tu kwenye 6x9 (namba hizo ni ukubwa wa negativu kwa sentimita). Mkanda ni ule ule, kamera ndiyo inayoukata vipande vikubwa au vidogo. Na bei ya mkanda mmoja na ya kuusafisha haipishani sana na ile ya 35mm, kwa hiyo kila unapobonyeza kamera ya 6x6 unatumia karibu pesa ya picha tatu za kamera ndogo.

Mwaka 1997 nilipiga harusi Tukuyu. Mvua ya Tukuyu mnaijua, ilikuwa inagonga mabati kiasi kwamba mchungaji alikuwa anapaza sauti. Nilikuwa nimeazima Yashica Mat 124G, kamera ya 6x6 yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, na nilijiona nimefika. Bibi harusi alipoingia na matarumbeta nje ya mlango nilipiga tatu. Baba yake alipomkabidhi, mbili. Kwaya, wasimamizi, viapo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kabla ya pete kutakuwa na wimbo, nitabadilisha mkanda hapo. Wimbo haukuwepo. Mchungaji aliunganisha viapo na pete moja kwa moja. Picha ya 12 ilikuwa bwana harusi anamvisha mwenzake. Nikazungusha ule mkono wa pembeni kuvuta picha inayofuata, ukazunguka laini, bila kugota. Anayeijua kamera hiyo anajua maana yake: mkanda umekwisha, kilichobaki ni karatasi tu inayojiviringisha.

Nikachuchumaa nyuma ya benchi la kwanza. Unafungua mgongo wa kamera, unatoa mkanda uliojaa huku umeubana kwa vidole usifunguke, unaufunga kwa kile kikaratasi chake cha gundi. Kigurudumu kilichobaki kitupu unakihamishia upande wa pili. Unachukua mkanda mpya, unavuta ulimi wa karatasi, unaupenyeza kwenye ufa, unazungusha mpaka mshale uliochorwa kwenye karatasi ulingane na alama ya ndani ya kamera, unafunga, unazungusha tena mpaka namba 1. Vidole vyangu vilikuwa na baridi na vinatetemeka. Nilipoinuka, maharusi walikuwa wameshakaa.

Wiki tatu baadaye mama mzaa bwana harusi aliipekua albamu hapo sebuleni kwake, taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akarudi nyuma. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, kwani mkwe wangu hakumvisha pete mwanangu?" Nilimwomba radhi, na nilirudisha sehemu ya malipo bila kuombwa. Swali lile ndilo linaloniongoza mpaka leo ninapochagua kamera ya kwenda nayo kanisani.

Kwa hiyo ndani ya kanisa, na baadaye ukumbini, beba 35mm. Tena beba mbili zinazopokea lenzi za aina moja. Moja ikifika picha ya 30 kabla ya viapo, iweke begani na ushike ya pili yenye mkanda mpya, usisubiri ile ya kwanza iishe. Picha sita utakazokuwa hujazitumia si hasara, zitapigwa wakati wa kutoka.

Sababu nyingine ya 35mm kanisani ni mwanga. Makanisa yetu mengi ya nyanda za juu yana madirisha madogo, na siku ya ukungu ndani ni kama saa kumi na mbili jioni. Lenzi ya kawaida ya 50mm kwenye kamera ndogo inafunguka mpaka f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inapitisha mwanga mwingi). Yashica niliyoisema inaishia f/3.5, na Mamiya RB67, kamera ya 6x7, na lenzi yake ya 90mm inaishia f/3.8. Tofauti ya f/3.5 na f/1.8 ni mwanga karibu mara nne. Maana yake pale ambapo kamera ndogo inapiga kwa sekunde 1/60, kubwa inataka 1/15, na kwa 1/15 mkono unaovisha pete unatoka kama moshi. Wapo watakaosema piga fleshi. Muulize mchungaji au padri kwanza, siku kabla ya harusi. Wapo wanaoikataza kabisa wakati wa ibada, na ni haki yao.

Aina ya kamera ndogo isikusumbue sana. Pentax K1000 inatosha. Nikon FM2 ni bora zaidi, nitaeleza kwa nini. Zote mbili shata yake, ule mlango unaofunguka kupitisha mwanga, inafanya kazi bila betri, betri ni ya mita ya mwanga tu. Huku kwetu Juni na Julai hilo ni jambo kubwa, maana asubuhi ya Njombe au Makete inaua betri ndogo kabla ya ibada kuanza.

Na kuna kosa la kamera ndogo ambalo lazima ulijue kabla hujapokea hata shilingi ya kianzio. Ukiweka mkanda, ulimi wake usiposhika vizuri upande wa kuvutia, kamera itabonyeza, namba zitapanda mpaka 36, na mkanda hautakuwa umesogea hata kidogo. Dawa yake ni kuangalia. Ukishafunga mgongo, zungusha kwa upole kile kitufe cha kurudishia mkanda, kule kushoto juu, mpaka uhisi umekaza. Kisha vuta picha inayofuata na ukiangalie kitufe hicho. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, fungua uweke upya. Mimi bado nakiangalia kwenye kila mkanda, na sasa nina mvi.

Mkanda mpana una mahali pake, na mahali hapo ni nje ya kanisa, baada ya ibada, pale ambapo unaweza kusema "naomba msubiri kidogo" na watu wakasubiri.

Chukua picha ya ukoo. Ukoo wa Iringa ukishajipanga kwenye ngazi za kanisa, mistari minne, upana wa mita kumi, kila mtu anataka aonekane, na wajomba waliotoka Mafinga na Makambako ndio wanaosimama pembeni kabisa. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi. Kwenye negativu ya 35mm, ambayo upana wake ni milimita 36, uso huo unapata nusu milimita. Kwenye 6x7 unapata milimita moja nzima. Picha hiyo ikisafishwa kwa saizi ya postikadi hutaona tofauti. Ila ikikuzwa kuwekwa ukutani, na picha ya ukoo ndiyo huwekwa ukutani, yule mjomba wa pembeni kwenye 35mm anakuwa chembechembe, kwenye 6x7 anakuwa mjomba. Miaka ishirini baadaye mtu atamtafuta humo.

Kwa picha za maharusi wawili wenyewe, iwe kwenye mashamba ya chai ya Katumba, jiwe la Gangilonga au nguzo za Isimila nje kidogo ya Iringa, mimi napenda 6x6. Kamera hizi za lenzi mbili unaishika kifuani na kutazama chini kwenye kioo. Kwa hiyo ukimpiga bibi mzaa mama picha, unakuwa umeinamisha kichwa mbele yake, hujamwelekezea chuma usoni. Nimeona wazee waliokuwa wamekaza nyuso wakilegea papo hapo. Heshima hiyo inaonekana kwenye picha, naamini hivyo kabisa.

Ila jihadhari na mambo mawili. Kioo kile kinageuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo ukijaribu kufuata msafara wa matarumbeta utasogeza kamera upande usio wake na kuwapoteza. Na lenzi unayotazamia iko juu ya lenzi inayopiga, hivyo ukisogea karibu sana utakata vichwa ambavyo wewe uliviona vimeingia. Ukiwa karibu, inua kamera kidogo kabla ya kubonyeza.

Sasa fleshi ya mchana, jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Harusi zetu nyingi zinatoka kanisani saa sita au saa saba, jua la utosini, macho ya maharusi yamekuwa mashimo meusi. Unataka fleshi kidogo ya kujazia. Kamera nyingi za 35mm zina shata ya pazia nyuma ya lenzi, na fleshi inakubaliana nayo mpaka mwendo fulani tu. K1000 ni 1/60. Pentax 67, kamera ya mkanda mpana, pamoja na ukubwa wake wote ni 1/30. Na jua kali kwa mkanda wa ISO 400 (namba ya wepesi wake kwa mwanga) linataka 1/500 kwa f/16. Ukishuka mpaka 1/60 itabidi ufunge lenzi mpaka f/45, na lenzi yako haina f/45. FM2 za mwanzo zilipandisha mpaka 1/200 na zilizofuata 1/250, ndiyo maana nikasema ni bora zaidi. Lakini Yashica Mat, au Hasselblad 500C/M, shata yake imo ndani ya lenzi, na fleshi inakubali kila mwendo mpaka 1/500. Mchana wa jua, hapo kamera ya mkanda mpana inakushinda wewe na FM2 yako.

Kama una pesa ya kamera moja kubwa tu, tafuta ya 6x4.5 mfano wa Mamiya 645. Picha 15 zinakupa nafasi ya kupumua, negativu yake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya 35mm, na unaishika jichoni kama kamera ya kawaida ukiifungia kitazamio cha prizimu, kile cha kutazamia kwa jicho. RB67 naipenda, ila na lenzi yake inapita kilo mbili na nusu. Ibebe siku nzima pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, utaelewa. Hasselblad ina magazini za kubadilisha, yaani visanduku vya mkanda, unaingiza kile kibati cha kuzuia mwanga na kubadilisha hata katikati ya mkanda. Ni kamera nzuri sana, lakini msianzie huko.

Mikanda yenyewe chagua mmoja unaopatikana kwa fomati zote mbili ili albamu isiwe na rangi mbili. Portra 400, mkanda wa rangi wa Kodak, ipo kwa 35mm na kwa 120. Kwa nyeusi na nyeupe, HP5 Plus ya Ilford ipo pia kwa zote. Kisha usiiamini mita ya kamera mbele ya shela. Mita ikiona gauni jeupe limejaa inadhani kuna mwanga mwingi, inafunga, na nyuso zetu zinazama. Pima kwenye uso wa bibi harusi au kwenye kiganja chako mwenyewe kwenye mwanga ule ule. Mikanda ya negativu inavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, kwa hiyo mimi Portra 400 naipima kama ISO 200.

Mikanda isikae kwenye dashibodi. Kuna harusi ambazo send-off ni Kyela na kanisa ni Mbeya mjini. Joto la kule chini linaharibu rangi kwa mchana mmoja tu gari likiachwa juani. Na ukitoka kwenye baridi ya usiku kuingia ukumbi uliojaa watu, lenzi itashika ukungu. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa robo saa. Usiifute, hasa ya lenzi mbili, kwa sababu kioo cha kutazamia na kile cha ndani vinashika ukungu pia.

Kwa harusi nzima naandaa mikanda sita ya 35mm na minne ya 120. Kila ukitoka kwenye kamera unaandikwa kwa kalamu palepale: kanisani 1, kanisani 2, ukoo, ukumbini. Mkanda wa 35mm urudishwe wote mpaka ulimi uingie ndani, usije ukaupakia tena, picha za keki zikalala juu ya picha za viapo.

Kabla ya hayo yote, fanya mazoezi ya kupakia mkanda ukiwa umefumba macho, umechuchumaa, redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya juu. Nina mikanda miwili ya 120 iliyoungua, yaani iliyoingia mwanga na haifai tena kupigia, kwenye droo ya studio, naitunza kwa kazi hiyo. Atakayepita Mwanjelwa aje achukue mmoja, akauzoee kwa wiki moja, kisha aurudishe kwa ajili ya mwenzake.