Kishona nguo? Haya, ila kwa masharti

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni ua gani la porini tungelipa nafasi bustanini. Swali zuri kwa wenye bustani zinazosubiri ruhusa. Kishona nguo, lile gugu ambalo mbegu zake hunasa kwenye nguo, hakijawahi kuniomba nafasi. Kwa hiyo acheni nijibu lile linaloniwasha: hivi ni nani hukipanda?

Ni sisi wenyewe. Dada yangu aliitwa kwenye usaili wa kazi, naye akavaa suruali nyeusi ya kitambaa kizito, imepigwa pasi ikasimama. Tulikuwa tumechelewa, nikamshauri tupite njia ya mkato, katikati ya shamba lililoachwa bila kulimwa. Mbegu za kishona nguo ni nyeusi, suruali nyeusi. Hatukuona kitu mpaka tulipofika mlangoni akaanza kujikuna. Kuanzia magotini kushuka chini, vijisindano vitupu! Nikapiga magoti nikaanza kuchomoa. "Taratibu, utanivuta nyuzi," ananong'ona, huku mlinzi akitutazama. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu kwenye ncha, na miiba ina vijino vilivyoelekea nyuma, kwa hiyo ukivuta kwa pupa mbegu inatoka, mwiba unabaki. Ilibidi nizitoe moja moja. Sakafu ilikuwa imedekiwa, nikaona haya kuzimwaga pale, nikazitia kwenye vyungu vya maua kando ya mlango.

Kazi alipata. Baadaye akanipigia simu, anacheka hadi anakohoa: vyungu vimejaa kishona nguo na mtunza bustani anagombezwa kwa uvivu. Maskini yule bwana.

Na hivyo ndivyo kilivyotoka Amerika ya kitropiki kikaenea karibu nchi zote zenye joto. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000. Baadhi huota upesi, nyingine hujilalia udongoni zikingoja zamu. Nyingi huamshwa na mwanga, ndiyo maana ukilima leo ukadhani umemaliza, jembe limekwisha kuzipandisha zilizokuwa zimefukiwa. Kwa hiyo msimamo wangu: king'olewe kingali kichanga, bila huruma.

Sasa, huruma. Lile tunaloliita ua moja ni kifungu cha viua vidogo vya manjano, vimezungukwa na petali chache nyeupe, na nyuki hukipenda. Nimewaona wakikizunguka wakati maua yangu ya kununua yamesinyaa yote. Siwezi kusema hilo si kitu.

Basi andikeni jina langu: nakipa kona moja. Iwe mbali na njia. Vichwa vya kwanza vikianza kukauka, kata, wala usiache mabua yakilala hapo chini. Kama mnapakana uzio, muulize jirani kwanza. Na ukiwa na mbwa mwenye manyoya marefu, jibu langu ni hapana.