Beringi ya boda imeingia maji ya chumvi, nioshe au ninunue?

Ndugu yangu, hiyo beringi yako namba 6203, yenye vifuniko vya mpira pande mbili, inaosheka, usiharakishe kununua. Mpira utoe na ncha ya sindano ukianzia ukingo wa ndani, polepole usije ukaukunja, kama ni kifuniko cha bati achana nacho, kikipinda hakirudi tena. Osha kwa mafuta ya taa mara mbili tatu mpaka yatoke safi, kisha iache ikauke kabisa, na wale vijana wa kuizungusha kwa upepo wa kompresa ili ilie wiiii waambie waache, kavu ikienda mbio vile inajila na yaweza kukupasukia usoni.

Sasa izungushe kwa kidole. Ikikwaruza bado, au ukiona vishimo vya kutu kwenye njia ya gololi, na hapa Malindi ukishapita ufuoni ndio zao, tupa. Ikiteleza tia grisi ya lithiamu kama thuluthi tu ya nafasi, ukijaza pomoni inachemka halafu inasukuma mpira nje.

Lakini kama ni ya gurudumu la mbele na unabeba abiria? Mi ningenunua mpya, hiyo ya kuosha niitie kwa feni.