Maadili ya utafiti: anza na kisa, fasili zitafuata

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uwaingizeje wanafunzi kwenye utafiti na maadili yake bila kuwachosha. Mimi ningeanza na kisa cha Tuskegee, Marekani. Kuanzia 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Hata penisilini ilipothibitika kuwa tiba, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Waulize: kosa liko wapi hasa? Waache wabishane. Ridhaa, kutodhuru na haki watavitaja wenyewe. Ripoti ya Belmont ya 1979, ile ya Marekani iliyoweka misingi ya maadili ya utafiti unaohusu binadamu, utaileta baadaye, wakiwa na hamu nayo.

Kisha kila mmoja atunge hojaji ya maswali matano pamoja na maelezo ya ridhaa kwa mhojiwa. Hapo ndipo penye kazi! Wengi husahau kumwambia mtu kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, na wengine huandika majina kamili daftarini (nami niliwahi, aibu yangu). Watumie namba badala ya majina. Kupika takwimu na kunakili kazi za watu vitaje pia, ila hayo huyaelewa upesi. Na asitoke mtu kwenda kuhoji kabla hujasoma maelezo yake ya ridhaa.